Wanaosema Mchezo wa Mateke Hauna Mikono

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiifikiria nasikia harufu ya samaki na ya maji ya chumvi yaliyomwagwa sakafuni. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, pale dikoni Kilindoni, mahali samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Nitakusimulia kilichotokea, lakini niache nianze nyuma kidogo. Ukikisikia chenyewe tu utakielewa kama walivyokielewa watu wengi wa kisiwa hiki, nao walikielewa vibaya.

Jana ulikuja kwangu umenuna. Ukasema unataka kuacha mazoezi ya taekwondo kwa sababu vijana wa kijiwe cha bodaboda wamekuonyesha video kwenye simu, mtu wa mateke ameshikwa mguu na kubwagwa chini kama gunia. Wamekuambia mchezo huu hauna mikono, na kwamba ukishikwa mguu umekwisha. Wamekuambia pia unawafaa watu warefu tu, tena uwanjani penye mwamuzi. Sikukujibu jana. Mtu wa umri wangu akijibu upesi hujibu kwa hasira, na jambo hili lina watu ndani yake niliowapenda.

Nilikuja kisiwa hiki cha Mafia nikiwa mwalimu mpya wa shule, binti kutoka Singida ambaye hakuwahi kuona bahari. Katika upweke wa miezi ya mwanzo nikasikia kwamba kuna bwana samaki mmoja, yaani afisa uvuvi wa serikali, mtu wa bara kama mimi, anafundisha taekwondo jioni baada ya kazi. Jina lake Sospeter. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kusema polepole hata ukadhani amesahau alichotaka kusema. Tulifanyia mazoezi kwenye darasa la kuazima, madawati tukiyasukumia ukutani. Mimi, kama unavyoniona, ni mfupi, na hata ujanani sikuwa mwembamba. Nilivaa suruali chini ya sketi ndefu kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa watoto wa watu na sikutaka maneno. Siku ya kwanza nilimwambia Mwalimu Sospeter kwamba miguu yangu haitafika popote. Akanijibu, "Nani amekuambia lazima ifike kichwani? Goti la mtu liko chini kwa kila mtu." Kisha akanifundisha mikono. Ndiyo, mikono. Wiki zile za mwanzo zote tulijifunza kukinga, kupiga ngumi, kutumia kiwiko, na kujitoa pale mtu anapokushika kifundo cha mkono. Nilikaa nikisubiri mateke hadi nikachoka kusubiri.

Aliyekuwa bora kati yetu ni Idrisa, mtoto wa mwenye duka pale Kilindoni. Mrefu, mwepesi, mguu wake ulipanda juu kama hauna mfupa. Watu walikuja kusimama madirishani kumtazama yeye. Idrisa hakupenda mikono. Alisema, na hapo alisema kweli, kwamba kwenye mashindano ngumi ya uso hairuhusiwi na kumshika mwenzio hakuruhusiwi, basi ya nini kupoteza muda. Mwalimu alimkemea, lakini kwa upole mno.

Jioni moja akaingia Shomari. Huyu alikuwa mkwezi wa minazi kutoka Baleni, kijana wa maneno machache na mikono kama koleo. Alikuwa amesikia watu wakitusifu, akaja na rafiki zake kuona. Alitazama kidogo, akatabasamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana. Karibu."

"Mimi naomba kuuliza tu. Mtu akiudaka huo mguu, mnafanyaje?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu Sospeter hakucheka wala hakukasirika. Alimwita mbele, akamwambia audake. Akainua teke la kiunoni, si la nguvu, na Shomari akalidaka kwa mikono yote miwili, akalibana. Mwalimu hakuuvuta mguu. Alimrukia karibu kwa ule mguu mwingine, mkono mmoja ukashika kola ya shati la Shomari, na kiwiko cha mkono wa pili kikasimama karibu kabisa na taya lake.

"Mikono yako yote miwili imeshika mguu wangu," akasema. "Uso wako unalindwa na nini?"

Shomari akaachia. Sisi tukaanza kupiga makofi, na Idrisa alipiga kuliko wote. Mwalimu akainua mkono tunyamaze.

"Sasa rudia," akamwambia Shomari. "Safari hii usisimame ukifikiri. Ukidaka, nisukume papo hapo."

Shomari akafanya kama alivyoambiwa. Alidaka na kusukuma kwa mara moja, na mwalimu wetu akaanguka chali kwenye sakafu ya darasa. Akainuka, akajipangusa vumbi mgongoni, akatuambia, "Mmeona. La kwanza ni kweli na hili nalo ni kweli. Nikichelewa kurudisha mguu, nitaanguka. Anayewaambia hatuanguki anawadanganya, na anayewaambia tukishikwa tumekwisha naye anawadanganya."

Shomari alirudi kesho yake, peke yake, akaomba kujifunza. Lakini Idrisa hakulipenda jambo lile. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniambia, "Mwalimu ametuaibisha mbele ya mkwezi." Nilimwambia sioni aibu iko wapi. Akatembea mbele yangu, hakunisubiri.

Muda ukapita. Idrisa akaenda Dar es Salaam kwenye mashindano, akarudi na medali. Nasi tulijivuna, nisikufiche. Mwalimu aliitundika picha yake darasani. Shomari kwa upande wake hakuwahi kuinua mguu kupita kifua, lakini alikuwa na tabia moja: alitazama sana pale anaposimama. Nadhani ni kazi yake ya juu ya minazi iliyomfundisha. Siku Mwalimu Sospeter aliposafiri kikazi kwenda Bweni, kule ncha ya kaskazini ambako barabara ilikuwa mbaya na mtu haendi akarudi siku hiyohiyo, alimwachia Shomari atuongoze mazoezi ya kunyoosha viungo. Idrisa wakati huo alikuwa amekwenda tena Dar. Aliporudi na kuambiwa hivyo, alitoka darasani bila kuaga.

Sasa turudi dikoni. Mimi nilikwenda kununua samaki aitwaye changu. Sakafu ya saruji ilikuwa imetoka kumwagiwa maji, utelezi wa samaki ukiwa umeganda pale pale. Shomari alikuwa anamsaidia mjomba wake kubeba tenga. Idrisa akaja na kandambili miguuni, nyuma yake wapambe wake.

"Nasikia siku hizi wewe ndiye mwalimu," akasema.

"Nawanyoosha viungo tu, kaka. Mwalimu yuko Bweni."

"Basi nionyeshe ulichojifunza."

Shomari akaweka tenga chini taratibu. "Hapa kuna maji, Idrisa. Tukutane darasani jioni."

Yalikuwa maneno ya kumwonea huruma. Idrisa akayasikia kuwa ya uoga, na wapambe wake pia wakayasikia hivyo. Nilimwita kwa jina lake. Sijui kama alinisikia. Aliinua lile teke lake la juu, lile ambalo watu walikuja kulitazama madirishani, likaenda kichwani kwa Shomari. Na Shomari akafanya kile tulichofundishwa: badala ya kurudi nyuma akaingia ndani, karibu, mahali ambapo teke halina nguvu tena, mkono wake umekinga uso. Hakupiga. Wakati huohuo ule mguu aliosimamia Idrisa ukateleza. Mwili ukaenda huku, goti likabaki kule. Mwanangu, niliusikia mlio wake. Nyuma ya Idrisa kulikuwa na ukingo wa saruji, na kichwa kilikuwa kinakwenda palepale. Shomari akamdaka chini ya kwapa, akaanguka naye, mgongo wake yeye ukiwa chini.

Shomari ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali. Idrisa alilia njia nzima, na mimi nilitembea kando nimemshikia kandambili zake, sijui kwa nini nilizichukua.

Mwalimu aliporudi alikwenda hospitali kabla ya kufika kwake. Nilikuwepo. Idrisa alimwona mlangoni akageuza uso. Kisha akasema, "Mchezo wako umenivunja, mwalimu."

Mwalimu Sospeter alikaa pembeni ya kitanda.

"Idrisa, mdogo wangu," akasema, "ulijifunza mahali pamoja, sakafu moja, na watu waliokubali sheria zilezile unazozikubali wewe. Ukadhani ndiyo dunia yote. Hilo ni kosa lako. Lakini mimi niliiona medali yako nikafurahi, nikaacha kukukemea ilivyopasa. Hilo ni langu, na ndilo lililonileta hapa."

Idrisa alipelekwa bara kwa matibabu, mfupa ukaunga, lakini goti halikurudi lilivyokuwa. Tangu hapo alichechemea.

Huku nyuma habari ikaenea kisiwa kizima, hadi Chole ng'ambo ya maji. Mwenye medali ameanguka mwenyewe bila kuguswa. Mchezo wa mateke si kitu. Wazazi wakawatoa watoto wao. Darasani tukabaki wanne au watano, tunatazamana. Nilichomwa na maneno yale, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba aliyemwokoa Idrisa kichwa alikuwa mwanafunzi wa darasa lilelile na aliingia kwa hatua ileile ya darasani. Nilitaka kubishana sokoni, shuleni, popote. Nilimwambia mwalimu nitawasema mbele za watu.

Akanikanya. "Usibishane nao, Mwalimu Neema. Wameona mtu akiteleza, na kweli aliteleza. Ukiikataa kweli kwa sababu imesemwa kwa kejeli, utabaki na sifa tu mkononi. Chukua wanachokisema, tukifanyie kazi."

Na ndivyo tulivyofanya. Tulitoka darasani. Tukafanya mazoezi kwenye mchanga, kwenye nyasi zenye umande, tukiwa na viatu na bila viatu, mimi na sketi yangu. Shomari alitushika miguu hadi tukajua la kufanya kabla woga haujatukumba. Tulijifunza kuanguka na kuinuka. Tulijifunza kwamba mahali penye utelezi mguu haupandi, na kwamba njia ya kukimbilia ikiwa wazi, hiyo ndiyo ya kwanza. Watu walirejea, polepole, bila kutangaziwa.

Idrisa alikaa miaka mingi akisema taekwondo ilimdanganya. Sikumlaumu, goti lilikuwa linamuuma yeye, si mimi. Mwalimu Sospeter alikuwa ameshahamishwa na mimi nimeachiwa darasa, siku Idrisa alipokuja amemshika mkono binti yake mdogo. Hakuingia. Alikaa kwenye benchi nje hadi tulipomaliza. Hakutaja siku ile. Alipokuwa anaondoka aliniambia tu, "Mwalimu, huyu ana haraka kama mimi. Mcheleweshe."

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, kisha uamue mwenyewe.

Wanaokuambia mchezo huu hauna mikono wametazama mashindano wakadhani wametazama mchezo wote. Uwanjani kuna sheria, na sheria hukunja mikono. Mwalimu mwema huikunjua tena. Basi siku utakapofundishwa na mwingine, mwulize kama anafundisha mikono, na kama hafundishi, mwombe kwa adabu. Kuhusu kushikwa mguu, yule kijana kwenye video alishikwa kweli. Huenda hakuwahi kushikwa hata siku moja mazoezini. Wewe omba ushikwe, omba uangushwe na mtu mwenye nguvu kuliko wewe, maadamu ni rafiki yako. Urefu usikusumbue. Mimi ni mfupi, na nimerudi nyumbani salama miaka yote hii.

Lakini kubwa kuliko hayo ni hili. Mtu akikuonyesha udhaifu wa kitu unachokipenda, usimkimbie na usimpigie kelele. Keti nao huo udhaifu. Utenge ulio kweli na ule wa porojo. Ulio kweli ufanyie kazi kila siku, na wa porojo uache upite. Usikiache kitu kwa sababu watu wa kijiweni wamekicheka, wala usikishike kwa sababu watu wa madirishani wamekisifu. Idrisa alisikiliza madirisha. Na popote unaposimama, kabla ya kuinua mguu wako au sauti yako juu ya mtu, tazama kwanza umesimama wapi.

Ukiacha, sitakukasirikia. Ukibaki, njoo kesho mapema unisaidie kusukuma madawati.

Mungu akulinde uendako na urudiko. Akupe miguu imara na moyo usiotafuta ugomvi. Akuwekee karibu rafiki wa kukudaka siku utakapoteleza, nawe akujalie uwe rafiki wa namna hiyo kwa mwenzio, hata kwa yule aliyekuja kukupiga. Amina.