Ukumbi Tuliolilia

Ukumbi ule wa chini ya kanisa, kule Lackawanna, mji wa Marekani kando ya ziwa, ulikuwa wetu kabla haujawa shule. Msinibishie. Wapolandi waliojenga kanisa walikuwa wamezeeka na kuhama, na sisi Wakongo tulipofika kutoka kambi za wakimbizi tulikuta vumbi, viti vya chuma na sufuria kubwa za supu. Tukafagia. Kila Jumapili baada ya misa tulikula pale, na mtu akifiwa, hata kama marehemu amezikwa Uvira, kilio kilikaa pale. Katika nyumba zetu za kupanga huwezi kulia kwa sauti. Jirani ataita polisi.

Shule aliianzisha padri. Wavulana wa Kilatino, wasemao Kihispania, wengi wao Wapuertoriko, walikuwa wakiacha masomo mapema, naye akaamua kuwafundisha mwenyewe, yeye na masista wawili, ndani ya stoo tulimoweka ngoma zetu. Mume wangu alitoka zamu ya usiku ghalani na kwenda moja kwa moja kuipaka rangi stoo hiyo. Nikamjia juu. Ngoma zinakwenda wapi?

"Mama, acha batoto ba bantu basome," alisema. "Ngoma zitakaa kwetu."

Zikakaa chini ya kitanda chetu, nami nikawa nazigonga kwa fagio kila nilipofagia.

Shule ikakua. Ikachukua jikoni, kisha ikautaka ukumbi wenyewe. Nani alijenga kuta za mbao zilizoukata vipande? Mume wangu huyo huyo, pamoja na baba za wale wavulana, wakielewana kwa vidole na vicheko. Nilikuwa nikimpelekea chakula huku nimenuna.

"Na siku ya kilio?" nilimwuliza.

"Bon, padri atatufungulia tu. Huyu njo mutu wetu."

Mume wangu alifariki kazini wakati wa baridi kali, moyo ulisimama ghafla. Na kweli, padri alitufungulia. Alituachia chumba kikubwa kuliko vyote kwa siku tatu, akawapandisha wavulana kusomea juu kanisani. Tulisukuma madawati ukutani, tukatandika mikeka, nikakaa chini.

Kwetu mjane hukaa chini. Hainuki kusalimia wala kupika. Kazi yake ni kulia. Siku ya mwisho mama mzee wa jumuiya humshika mkono, humwinua na kumwosha uso. Hapo ndipo anaambiwa, nenda, ishi. Wanaume nao hukaa nje kando ya moto mpaka mwisho. Niliyasubiri hayo kwa uchungu na kwa hamu, maana nilikuwa nimechoka, nikitaka mtu aniambie imetosha.

Siku ya tatu asubuhi upepo wa ziwani ulivuma vibaya sana. Shemeji zangu, waliotoka Columbus na Louisville kwa gari, walishindwa kukaa nje. Wakaliingiza jiko la makaa kwenye kibaraza kidogo cha mlango wa nyuma.

"Kilio bila moto njo kilio gani?" nilimsikia shemeji mkubwa akisema.

Moshi ukaingia ndani. Tulikuwa katikati ya wimbo king'ora cha moto kilipolia jengo zima. Watu wakapiga kelele nitoke, nami nikainuka mwenyewe, nikakimbia na soksi.

Nje, wavulana walikuwa wamepangwa mistari kwenye theluji, mashati meupe na tai, bila makoti. Mama zetu wakavua vitenge na kuwafunika. Nilimfunika mmoja aliyekuwa akitetemeka. Akanishukuru kwa Kihispania. Zimamoto walifika, wakazima jiko na kukifunga chumba mpaka kikaguliwe. Padri alinishika mikono yote miwili akalia kuliko mimi. Mchana watu walikuwa na zamu, shemeji walikuwa na safari ndefu, na hivyo kilio kikatawanyika pale kwenye maegesho.

Baadaye mama mzee alikuja nyumbani kuniinua. Nikamfungulia mlango, mwiko mkononi, mboga ziko motoni. Alikuwa ameshaunyoosha mkono wake. Akanitazama nilivyosimama.

"Mama, kumbe ulishainuka," akasema, na mkono ukarudi mfukoni mwa koti.

Tukanywa chai.

Sasa shule ina jengo la pili, na ukumbini hakuruhusiwi tena mikusanyiko. Wavulana wale wa stoo wamehitimu. Niliwaona na majoho yao, nikawapigia vigelegele, maana ndicho alichokitaka mume wangu. Kisha nikarudi nyumbani nikiwa na hasira. Mjane huinuliwa kwa mkono wa mtu. Mimi niliinuliwa na king'ora, na bado nimekaa chini pale, kati ya madawati, nasubiri.