Siku Niliyopanda Jukwaa la Mitumbwi

Anayesema Ifakara ya miaka ya hamsini haikuwa na ukumbi wa maonyesho, mwambie aje kwangu nimweleze. Ulikuwepo, pale Mlabani. Ndiyo, lilikuwa ghala la mpunga, na pumba zilituwasha mpaka shingoni, lakini jukwaa lake lilitengenezwa kwa mbao za mitumbwi iliyochakaa, na kila Jumamosi alasiri mji mzima ulikuwa humo. Watu wa Katindiuka walikuja kwa miguu, mikeka kwapani. Kwaya, ngoma, michezo ya kuigiza, vyote tulivipata hapo.

Jambo moja tu lilinikera: wanawake hatukuruhusiwa kupanda jukwaani. Sehemu zetu alizicheza fundi cherehani mmoja, kajifunga kanga, kajaza matambara kifuani. Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka, sikatai, mpaka ulipokuja mchezo wa kijana aliyekwenda manamba kukata mkonge asirudi.

Kaka yangu alikwenda manamba. Ulikuwa mwaka wa tano, si barua, si salamu. Wazee wa ukoo walimkatalia mama kuweka matanga, wakisema hatumlilii mtu ambaye hatujaambiwa amekufa. Mama akawa analima, anapika, macho makavu. Siku ya mchezo ule alikaa mkeka wa mbele. Habari ya kifo cha kijana ilipofika jukwaani, fundi cherehani, aliyemwigiza mama wa kijana, akaanza kulia kwa sauti ya kubana pua, na ukumbi ukaangua kicheko. Mama aliinamisha kichwa. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijaisha vizuri.

Kesho yake, baada ya misa, nilimfuata mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Nikampa shikamoo yake, nikamwomba niigize mimi yule mama. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba mwanamke wa heshima hapandi jukwaani, na mchezo ungerudiwa Jumamosi vilevile ulivyo. Haya. Alisahau kitu kimoja: kabila lake na letu ni watani. Na kwetu, penye msiba mtani ana ruhusa ya kila kitu. Atalala njiani jeneza lisipite, atavaa nguo za marehemu, atawatania wafiwa mpaka wacheke, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Jumamosi nilikaa karibu na jukwaa. Habari ya kifo ilipofika tu, nikapanda. Nikamvua fundi ile kanga, nikamwambia akapumzike, nikajitanda mwenyewe na kukaa chini, miguu nimeinyoosha. Mwenyekiti alikuja mbio.

"Shuka. Huu si msiba, ni mchezo."

"Basi na hasira zako ziwe za mchezo, mtani," nikamjibu.

Watu walicheka, ila safari hii walimcheka yeye. Akawatazama wanakamati wenzake, hakuna aliyemsaidia. Wote walijua mtani hamkasirikii mtani. Akarudi kukaa.

Ndipo nikalia. Sikuigiza. Nilimlilia kaka yangu kwa Kipogoro, walivyokuwa wakilia bibi zetu, nikitaja jembe aliloliacha na mbwa aliyemfuata mpaka mtoni siku ile ya kuondoka. Kicheko kikakatika. Nikasikia mbao zikilia nyuma yangu: mama alikuwa anapanda. Akaketi ubavuni kwangu, akanyoosha miguu, akafungua mdomo. Sauti aliyoitoa sijaisikia tena maishani. Wakapanda majirani zetu, wakapanda wanawake wa Katindiuka, mpaka fundi cherehani akakosa pa kusimama, akashuka.

Wazee wa ukoo walikuwa humo humo. Mmoja alisimama kutuamuru tunyamaze, akisema hakuna aliyekufa. Mama hata hakugeuka kumtazama.

"Nimeweka matanga," alisema. "Anayetaka kuyaanua na apande."

Hakupanda mtu.