Chale Juu ya Mistari ya Hospitali

Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo naeleza kama ninavyoongea. Majina sitaji. Wahusika wakisoma watajijua.

Marehemu mume wangu alivuta sigara ndani ya chumba tulicholala, miaka yote ya ndoa, dirisha kaliziba kwa gunia. Mimi sijawahi kuonja hata moja. Halafu kuna tabibu wa zahanati yetu. Nilipoanza kukohoa alinipa dawa ya maji, nikirudi ananipa ileile. "Vumbi la mahindi hilo, mama." Kweli nilikuwa nachekecha mahindi soko la Kibaigwa tangu asubuhi mpaka jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Basi vumbi likawa jibu la kila kitu, mpaka nikatema damu. Mjini Dodoma ndiko nilikoambiwa ni saratani ya pafu.

Lakini hao nimeshawazoea. Anayenikaa rohoni ni kaka yangu.

Hospitali walinipangia mionzi wiki sita, Jumatatu mpaka Ijumaa. Walinichora mistari ya wino wa zambarau kifuani na ubavuni, mashine ijue pa kulenga. Daktari aliniambia mambo mawili: mistari isifutike, na siku zisirukwe, maana ukiachia katikati uvimbe unapata nafasi ya kuota upya. Nilielewa. Nilikuwa nakaa mjini kwa binti wa shangazi, nikawa naoga kwa kitambaa, naikwepa ile mistari kama mtu anayefagia kando ya mkeka wenye wageni.

Mionzi yenyewe haina habari ya kusimulia. Unalala kwenye kitanda kigumu, kifua wazi, mikono juu ya kichwa. Wahudumu wanatoka wote, mlango unafungwa, halafu sauti inatoka kwenye spika: "Mama, usitikisike." Mashine inakuzunguka, inaunguruma kama ya kusaga unga ikiwa mtaa wa pili. Huumii. Huoni kitu. Unavaa, unaondoka. Sikuomba, sikulia. Nilikuwa nawaza tu kwamba mikono imekufa ganzi. Maumivu yalikuja baadaye, kooni, uji ukawa kama mchanga.

Wiki ya tatu iliishia na Pasaka. Mionzi ilisimama Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu, nikapanda basi kwenda kijijini kwetu, upande wa Kongwa. Kaka alikuwa ananisubiri kituoni na pikipiki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ndiyo umekwisha hivyo? Hao wanakubanika tu kama nyama. Panda, kuna mahali tunapita."

Tulipoiacha njia ya nyumbani nikajua tunaenda kwa mganga. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyebaki baba, na kwetu baba hajibiwi. Mganga alikuwa mzee msafi, mwenye miwani. Nilifungua vifungo. Alipoiona mistari akacheka.

"Wamenirahisishia kazi. Wenyewe wameshaonyesha ugonjwa ulipo."

Akachukua wembe, na ulikuwa mpya, hilo nalisema kwa haki. Akanichanja chale juu ya wino, akiufuata kama fundi anayekata kitambaa kilichopigwa chaki. Kisha akasugua dawa nyeusi. Mistari ikapotea.

"Kaka, niliambiwa isifutike."

"Haijafutika. Imeingia ndani."

Na mimi nimo kwenye orodha ya wenye makosa. Nilikuwa na miguu, ningeweza kutoka.

Jumanne nililala tena kwenye kile kitanda. Mhudumu, msichana wa umri wa binti yangu, akafunua shuka.

"Mama, nani kakuchora hivi?"

"Hajachora. Kachanja."

Akanifunika taratibu. Chale zilishaanza kutoa usaha. Daktari akasema mionzi isubiri vidonda vikauke. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Ilichukua wiki mbili. Wiki mbili nilikaa sebuleni kwa binti wa shangazi nikijua kwamba humu ndani kitu kinaota, na hakuna anayekizuia.

Waliponipokea tena walipiga picha upya, wakanidunga nukta ndogo kwa sindano, wino ndani ya ngozi kabisa. Nikamaliza. Sasa ni miaka minne. Nikienda kupimwa wanasema hakuna kipya. Kuchekecha siwezi tena, pumzi haitoshi, nauza chai palepale sokoni.

Mwezi uliopita kaka alikuja na mama mmoja wa Gulwe, anakohoa, khanga mdomoni. Kaka anawaambia watu wote kwamba mganga wake ndiye aliyeniponya.

"Mdogo wangu, mfungulie huyu mama aone. Bado anasitasita."

Nilimpeleka nyuma ya magunia, nikafungua vifungo. Nikamwonyesha nukta, moja moja. Nikamwambia chale hizi nusura zinizike, nenda Dodoma, usipite popote.

"Sawa, dada," alisema. Huku kidole chake kinapita juu ya chale, polepole, kinaufuata mstari. Nukta hakuzigusa.

Tulipotoka, kaka alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki, anamsubiri.