Picha Zilizofutana

Nilipoanza kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Kinoru, mama mmoja kutoka Ruiri aliniletea flashi yenye picha za siku ya mahari ya binti yake. Runinga yao ilikuwa imekataa kuzifungua. Alikuja na mamake mzazi, ambaye maumivu ya mguu yalimfanya akose sherehe, na sasa alitaka kumwona kijana anayemchukua mjukuu wake.

Nikazichagua zote, nikaiambia kompyuta izibadilishe kwa mpigo mmoja ziwe za aina ambayo runinga hufungua. Ikamaliza haraka, nikajisifu kimoyomoyo. Kumbe nilikuwa nimezipa zote jina moja, kila mpya ikifuta iliyotangulia. Ikabaki ya mwisho tu: kijana ameinamia sahani ya mukimo wa viazi na mahindi, mashavu yamejaa.

“Shosho, ngoja kidogo,” nikamwambia yule bibi. Zile za kwanza zilikuwa bado kwenye flashi. “Nizirudie, kila moja na nambari yake, umwone vizuri na suti.”

Shosho akasogea karibu na skrini.

“Suti mtu huazima,” akasema. “Huyu anakula kama watu wetu. Amchukue msichana.”

“Lakini mama, si mahari tulishapokea,” yule mama wa Ruiri akamkumbusha.

“Mlipokea nyinyi. Mimi ndio napokea sasa.”