Kidonda Kilichoitwa Ukaidi

Walinikata muguu wa kushoto chini ya goti, katika hospitali ya weusi ya Kindu, nikiwa bado na meno ya utoto. Nilipoamuka nilitaka kukuna kisigino. Nikapeleka mukono, nikashika shuka. Mama alikuwa amekaa chini analia bila sauti, maana masista walimukataza kelele.

Ilianza na kinundu chekundu chini ya kisigino, kilichotoka damu nikikanyaga jiwe. Wakati ule buba ilijaa kwetu, na vidonda vya buba njo vile vile, vyekundu. Ajenti wa afya, Mubelgiji, alipita kutudunga shindano, wote kwenye mustari, chefu, mukubwa wa kijiji, akituhesabu. Akatupia muguu wangu jicho moja, akasema buba. Nikadungwa. Vidonda vya wenzangu vikakauka, wakaanza kunicheka: "We, buba yako haisikii Kifaransa?" Changu kikazidi.

Ajenti akarudi. Hakuinama hata kuangalia. Kwake dawa haikosi. Muntu njo anakosa. Akasema baba alinificha siku ya shindano, ama mama aliosha dawa kwa majani. Baba akamujibu kwa heshima:

"Bwana, mutoto iko hapa. Mudunge tena, ujionee mwenyewe."

"Kidonda hakikatai shindano. Wewe njo unakataa serikali."

Chefu wetu akaita polisi wake. Baba akalazwa chini, akapigwa fimbo, watu wanaangalia. Ajenti alipopita tena, ikawa vile vile: mimi shindano, baba fimbo.

Munganga mugeni wa hospitali njo alikata kipande cha kile kinundu, akakituma mbali kupimwa. Jibu lilikawia sana. Akamuambia baba ni kansa ya ngozi, ile inayokuwa nyeusi na kushika watu wazima. Kwa mutoto ni nadra, na nyekundu kama yangu ni nadra zaidi. Akasema ingekuwa ndogo angetoa nyama ya kisigino tu.

Baba akauliza: "Ilikuwa ndogo lini?"



Kutojua ugonjwa ule, hilo nimelisamehe. Hata wakubwa wao waliukuta kwa shida. Lakini ajenti aliona dawa imeshindwa, akachagua fimbo. Yeye amerudi kwao Ulaya. Chefu iko, tunapishana sokoni, ananiuliza habari za nyumbani. Baba amekufa, watu wakiamini kwamba yeye njo alinipotezea muguu. Basi chefu asimame mbele ya wale walioangalia siku ile, aseme kwa kinywa chake: mutoto hakufichwa.