Ndoo ya Mama Zuhura na Ngurumo ya Besi

Siku yangu ya kwanza bendini kama mpiga gitaa la besi, pale Mkomaindo, Masasi, nilifungua kitufe cha besi kwenye amplifaya mpaka mwisho. Nilijiona bingwa. Kiongozi wa bendi akasimamisha mazoezi.

"Kijana, gitaa lako linakoroma. Mimi nataka lingurume. Jumamosi tuna sherehe ya kutoka jando Newala. Likikoroma tena, rudi ukapalilie mikorosho."

Kukoroma ni sauti nene isiyo na makali. Unaisikia tumboni, lakini mguu haujui ukanyage wapi. Kunguruma kuna meno. Fundi mitambo wetu, Mungu amrehemu, alinielekeza nipunguze kitufe cha besi na kupandisha cha sauti za kati. Akaniambia pia kwamba nyuzi zikishika jasho zinakufa. Nyuzi mpya hazikupatikana, kwa hiyo tulichemsha zilezile ili zirudishe sauti.

Newala tulifikia kwa Mama Zuhura. Asubuhi nikakuta ndoo ya maji jikoni, nikaimimina yote sufuriani, nikatumbukiza nyuzi. Kwetu Masasi kisima kilikuwa nyuma ya nyumba. Sikujua kuwa huko juu maji walikuwa wakiyafuata bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji ya kunywa ya wageni wangu umepikia waya?"

Hakupaza sauti, na aibu ikanizidi. Nikachukua ndoo mbili na mzega, ule mti wa kubebea begani, nikashuka. Nilirudi nikiupanda mlima, jua la utosi, bega limechubuka hata mkanda wa gitaa sikuweza kuuvaa.

Basi kwenye sherehe nikapiga nimeketi kwenye kigoda, gitaa mapajani. Kwa mkao huo mkono uliangukia nyuma kabisa, karibu na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwishoni. Hapo uzi ni mgumu, lazima uuvute kwa nguvu. Nikauvuta. Lo! Likanguruma mpaka wacheza ngoma wakageuka.

Kiongozi akaniinamia. "Mikorosho watapalilia wengine."

Watu wakaja kututunza, wakitubandika noti. Mama Zuhura alikuja na kikombe cha maji.

"Kunywa, mwanangu. Ni yale uliyoyateka."

Nilimpenda mama yule tangu siku hiyo hadi tulipomzika.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa. Vijana wana vifaa vya kukanyaga kwa mguu, gitaa likanguruma lenyewe, nami sivikatai. Wakiniuliza zawadi kubwa niliyowahi kutunzwa jukwaani, nawaambia ni kikombe cha maji. Wanacheka. Hawajaupanda ule mlima.