Tisa na Pointi Sita

Kwa miaka thelathini na mmoja ukoo mzima wa mumewe ulimwita Jembe, hata watoto waliozaliwa juzi, na hakuna aliyekumbuka jina lilianzia wapi isipokuwa yeye mwenyewe, fundi wa kutengeneza meno ya bandia. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Lilianzia siku ya harusi yake. Mpiga picha alikwisha kuwapanga, wifi mtu bega kwa bega na bibi harusi. Wifi akayatazama meno mawili ya mbele ya mke wa kaka yake, akatangaza kwamba kaka hakuoa mke, kaoa jembe, na mwaka huo shamba litalimika hata kama ng'ombe wote watagoma. Watu mbavu hawana. Picha ikapigwa papo hapo: bibi harusi kafumba mdomo, wifi kaikabili kamera anacheka meno yote nje. Picha ile fundi aliikuza, akaitia fremu, akaitundika sebuleni. Wageni walidhani ni mapenzi.

Siku hazigandi. Fizi za wifi ziliugua, meno ya juu yakang'olewa yote, mdomo ukabonyea kama mfuko uliomwagwa unga. Na mwanawe alikuwa anaoa mwezi unaofuata. Daktari akamwambia meno mapya yanaweza kufanana kabisa na ya zamani, mradi apatikane picha ya meno yake kwa fundi kupimia upana. Wifi akapekua albamu zote. Kila picha mdomo umefungwa kama bahasha. Ilibaki moja tu, na ilikuwa kwa Jembe.

Alikuja karakana akisindikizwa na kaka yake, ambaye fundi alimwacha nje kwenye benchi. Wifi akaketi baina ya bakuli la plasta na jiko la kuyeyushia nta.

"Nataka yale yale, wifi yangu," alisema, kiganja mdomoni. "Unayakumbuka? Madogo, kama punje za mahindi machanga."

"Nayakumbuka."

Fundi alichukua kipimo chake cha chuma chenye midomo miwili. Akampima usoni, kutoka mboni hadi mboni: milimita sitini. Akapima mboni hizo hizo kwenye picha ya harusi, aliyoiteremsha sebuleni: ishirini. Basi picha ilikuwa theluthi ya mtu. Akashuka kwenye jino la mbele la wifi pale pichani: tatu na pointi mbili. Akazidisha kwa tatu, akaandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu: 9.6. Kisha akasogea kwenye kioo, akalibana jino lake mwenyewe, akamgeuzia wifi kipimo asome.

Tisa kamili.

Wifi alisoma, akatazama picha, akatazama sakafu. Hakushangaa. Ndipo fundi alipoelewa ile midomo iliyofungwa ndani ya albamu zote. Mwenzake alijua tangu zamani. Siku ile tu kicheko kilimsahaulisha.

"Nitayatengeneza hivyo hivyo, yale yale," fundi alisema. "Tisa na pointi sita."

"Wifi, nakuomba. Huwezi kuyapunguza?"

"Kupunguza naweza. Mwite kaka yako, umwambie jembe lilikuwa la nani."

Nta ilichemka ikamwagikia jiko, na fundi hakwenda kulizima. Mwishowe wifi aliita. Mume akaingia na kofia mkononi, akaonyeshwa karatasi na picha.

"Kaka," dada yake alisema, "jembe lilikuwa langu mimi."

Mume alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipomwona mkewe hacheki, akavaa kofia akatoka.

Fundi alitimiza ahadi, maana yeye si mtu wa kula maneno yake. Aliyapunguza. Yalipokuwa tayari, wifi alitabasamu kwenye kioo, akashukuru, kisha akauliza sasa yana upana gani.

"Tisa kamili," fundi alijibu, akiyaonyesha yake. "Nenda nayo harusini, ucheke."